Kiatu Chenye Viti Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Yameisha. Kikao cha kugawana mali kimekula asubuhi nzima, wajomba zangu upande huu, ndugu zake upande ule, chai imepoa mezani bila mtu kuigusa. Baba Pipi kachukua pikapu, ngazi, drili na vifaa vyote vya kutundikia. Mimi nimebaki na cherehani zangu na — gari la michezo! Lile lile alilolileta nyumbani bila kuniuliza. Viti viwili, paa la turubai, limelala chini kama linatafuta sindano iliyoanguka.

Mjomba aliuliza kwa nini pikapu nisipewe mimi. Baba Pipi akajibu kwamba pikapu ni ya kazi. Nikamwuliza: kwani mimi nafanya nini, nacheza? Miaka yote mimi nashona mapazia, yeye anapima madirisha na kutundika. Sasa kila mtu na lake.

Sababu ya kuachana naijua, na anayesoma humu ni mimi peke yangu, kwa hiyo siiandiki.

Mlangoni kanipa funguo huku anatabasamu. Eti nikichoka nalo nimpigie, atanipokea mzigo. Nilipokaa, miguu haikufika kwenye pedali. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa kwa ajili ya miguu yake mirefu. Nikakivuta mbele mpaka kikagota. Nikaondoka. Injini ikazimika getini, wote wananitazama! Nikawasha tena. Sikugeuka nyuma.

Simpigii.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza kwenda kununua vitambaa. Nilipofungua buti nikadhani kuna kifuniko cha pili nimekisahau. Hakuna. Ndiyo buti yenyewe — inatosha mikoba miwili na mwavuli. Jora la kitambaa halikuingia kwa urefu, halikuingia kwa mshazari, halikuingia kwa dua. Mwuza vitambaa akatoka nje na wateja wake wote kushauri. Mwishowe tukakivuta kitambaa kutoka kwenye jora, tukakikunja kama shuka, kikajaa buti nzima. Lile bomba la boksi la ndani nikaliacha dukani. Sasa ninachoka kupiga pasi kabla hata sijashona.

Kwenye tuta la mtaani kwetu gari likakwaruza tumbo. Sauti mbaya, kama mtu anakuna sufuria kwa kijiko. Mwenye saluni alikuwa barazani. Akapaza sauti: Mama Pipi, umekuja na kiatu kimoja, kingine umekiacha wapi? Saluni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Nikamwambia kingine kipo kwa fundi.

Jina limeshaganda. Jioni Pipi karudi kutoka shule anauliza: Kiatu kimelala wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Leo zamu ya Mama kliniki, goti lake. Kuna jambo sikuliwaza. Kuingia kwenye pikapu alikuwa anapanda, namsukuma kwa nyuma, basi. Hapa ni kushuka. Akaweka mguu wa kwanza ndani, akabaki amening'inia nusu nje, mkono shingoni kwangu. Hili ni gari au beseni? akauliza. Nikacheka, naye akacheka, tukakaribia kuanguka wote wawili.

Muuguzi wa kliniki alituona tunavyohangaika wakati wa kurudi. Akatufundisha: kwanza makalio, mgeuzeni atazame nje kabisa, akae, halafu miguu yote miwili pamoja. Na juu ya kiti aweke mfuko wa nailoni ili azunguke kwa kuteleza. Mama akakaa juu ya mfuko wa sokoni, nikamshika miguu, akazunguka — fyu! Kama mkate unaingia kwenye tanuri. Alifurahi mpaka akataka arudie.

Kutoka ni habari nyingine. Mama kasema: mwanangu, kuingia nimejifunza, kutoka mniachie humu humu, mniletee chakula.

Pipi hakuja, maana hakuna mahali pa kumweka. Nilimpeleka Mama, nikarudi kumchukua Pipi shule, nikamrudisha, nikaenda tena kwa Mama. Njia ile ile mara mbili. Na pikapu tungekuwa wote mbele, tumebanana. Hilo lazima nikubali. Gari hili halijui familia. Linajua mtu na mwenzake tu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeipata kazi!! Matroni wa zahanati mpya kule juu kanipigia. Wodi ya wazazi iko tayari, vioo vikubwa kama vya duka la magari, na hakuna pazia hata moja. Kila aliyeshauri mchoro alikuwa mwanamume, kasema, hakuna aliyefikiria mzazi anavyobadilisha nguo. Anataka madirisha yote, na mapazia mazito ya kutenganisha vitanda. Na yawe yametundikwa kabla ya ufunguzi, mwisho wa mwezi.

Akauliza: na fundi wa kutundika ni yule yule mzee? Nikasema: fundi ni mimi.

Sijawahi kutoboa ukuta maishani mwangu.

Nikaenda kwa mwuza vyuma. Fimbo za mapazia hazienei ndani ya gari. Nikafungua paa nikajaribu kuzisimamisha — nikafanana na mtu anayevua samaki barabarani. Nikafunga paa. Nikafikiri. Nikamwomba azikate katikati, aweke kiungio cha ndani chenye skrubu. Zikiunganishwa huoni mshono ukishavisha pazia. Nusu zinapita kati ya viti, kutoka nyuma ya viti mpaka kwenye dashibodi, zimefungwa kwa kitambaa zisigongane. Ikabidi nibadilishe gia kwa kukunja kiwiko kama kuku. Lakini zimefika!

Ngazi haitaingia, hata nikiibembeleza. Nimemwomba Matroni, atatoa ya kwao ibaki pale pale.

Jumatatu, 10 Machi

Nimenunua drili. Nimeanza na ukuta wa jikoni kwangu. Tundu la kwanza: kubwa, plagi ya skrubu imezama na kupotea humo. La pili: nimegonga nondo, drili ikaruka na mimi nikaruka. La tatu: sawa. La nne: sawa kabisa. Mama yuko kwenye kiti chake anahesabu kwa sauti kama refa. Ukuta umekuwa kama chujio. Nitatundika picha.

Kesho tena.

Jumatano, 12 Machi

Tuta limenishinda leo. Bomba la moshi limeng'oka, likawa linaburuza na kutoa cheche na kelele za trekta. Mtaa mzima barazani!

Fundi Kipara wa gereji kalipandisha gari kwenye jeki zake, kaingia chini, kaongea huku uso siuoni. Mama Pipi, uza hili. Hili ni gari la mtu asiye na shughuli. Halafu, kwa sababu hawezi kuficha kitu, kaniambia Baba Pipi ameshapita pale. Kamwambia likiletwa na hitilafu yoyote, ampigie kwanza yeye kabla hajaligusa.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu. Hasira zilikuja mpaka kwenye meno. Nikamwambia: Fundi, toka chini ya gari unitazame. Akatoka. Gari hili ni la nani? Akasema lako. Ukimpigia mtu mwingine kuhusu gari langu, hutaniona tena hapa, na dada zako wote ninaowashonea watajua kwa nini. Akajifuta jasho kwenye kipara. Kasema, basi yaishe.

Baada ya hapo akawa mtu mwingine kabisa. Kachomelea bomba, kalipandisha kidogo kwa kibanio. Akanionyesha namna ya kuvuka tuta: usilikabili uso kwa uso, lipite upande, tairi moja moja, polepole, kama unavyoshuka kitandani mtoto asiamke. Nimejaribu wakati wa kurudi nyumbani. Halikugusa! Mwenye saluni akapiga makofi.

Na kitu kimoja alisema nakiandika nisisahau. Injini yenyewe ni nzima, nyepesi, inakunywa mafuta kidogo kuliko pikapu. Ubaya wote uko kwenye kimo.

Jumapili, 16 Machi

Tumeliosha mimi na Pipi. Dakika chache tu, maana hakuna cha kuosha! Halafu tukafungua paa tukazunguka mpaka kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa zamani, ile iliyonyooka. Nikakanyaga. Mungu wangu. Limeshika barabara kama limepakwa gundi. Pipi kapiga kelele, mimi nimepiga kelele, upepo umekula kelele zote.

Tuliposimama akaniuliza, huku anafungua nywele zilizomfunika uso: Mama, unalipenda, au unamkomoa baba?

Huyu mtoto. Nikataka kusema kitu cha kikubwa, nikakosa. Nikamwambia ukweli. Wiki ya kwanza, namkomoa. Sasa hivi, sijui. Akasema: hata kama baba analipenda, wewe unalipenda zaidi, kwa sababu baba alikuwa analifunika turubai tu na kulitazama.

Ni kweli. Lilikaa uani kama kaburi la mtu mashuhuri.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Paa linavuja kwenye mshono juu ya kichwa changu. Tone, tone, shingoni.

Halafu nikajicheka. Paa ni kitambaa. Mimi ni nani?

Nimelitoa, nikaliweka kwenye cherehani kubwa ya kushonea magodoro, uzi wa nailoni, mshono maradufu, na ukanda wa mpira ndani. Nimelirudisha. Nimemwagia ndoo nzima, Pipi akiwa ndani. Katoka mkavu.

Hiki chombo kimekuwa changu leo.

Ijumaa, 21 Machi

Upande wa kwanza wa wodi umekamilika. Nimekwenda na kurudi mara kadhaa, kila safari kibunda kimoja. Na pikapu ingekuwa safari moja. Lakini pikapu nisingeweza kuiegesha kule: uwanja wote umejaa matofali na jenereta, malori yanabanana, madereva wanatukanana. Mimi naingia na Kiatu katikati ya jenereta na ukuta, mlango kwa mlango wa wodi. Mlinzi ananiita "mama wa upenyo".

Mchana nikasikia mluzi ule ninaoujua. Baba Pipi, kasimama mlangoni pa wodi, mikono mfukoni! Kumbe kaja kuongea na Matroni. Kamwambia ana pikapu, ana ngazi, ana vijana, anaweza kumalizia kazi kwa siku moja. Mimi niko juu ya ngazi, skrubu mdomoni, siwezi hata kusema.

Matroni kamsikiliza mpaka mwisho. Kisha: asante, lakini mimi nina fundi. Basi.

Hakuondoka. Kazunguka akitazama madirisha, kichwa upande. Kasimama kwenye la tatu. Mama Pipi, hili limelala kulia. Nikateremka nikiwa nimewaka moto. Nikaweka pima maji. Limelala kulia.

Sikusema asante. Nikafungua skrubu nikaanza upya. Yeye akabaki ameshika ncha nyingine ya fimbo, bila kuombwa, mpaka povu la pima maji likakaa katikati. Miaka mingapi tumesimama hivyo, yeye ncha ile na mimi ncha hii. Kisha akaachia, akaniambia gari linanipendeza, tena bila mzaha, akaenda zake.

Ningependa zaidi kama angenitukana.

Jumatatu, 24 Machi

Nashona tu. Mapazia ya kutenganisha vitanda: meupe, mazito, ya kufulika kwa maji ya moto, upindo wa chini umewekewa uzito yasipepee. Sindano zinavunjika. Mama anapiga upindo wa mkono kwenye kona, miwani imeshuka puani, anaimba peke yake. Pipi anatoboa matundu ya pete. Nyumba nzima nyeupe. Tunakula tumesimama, mtu asije akadondosha mchuzi.

Matroni kapiga. Wazazi wawili wameshaandikishwa kuingia siku ile ile ya ufunguzi. Nikamwambia watakuta pazia.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika ndani ya gari. Nimesimama pembeni, juu ya mteremko unaoshuka kwenda kwenye daraja. Mvua tangu asubuhi, kioo hakionyeshi kitu, nimeamua nisubiri ipungue. Ufunguzi ni kesho. Leo ndiyo leo.

Mapazia yote ya mwisho yako hapa pembeni yangu. Buti ina drili na vyuma, haina nafasi hata ya kitambaa cha mkono. Nimeyapanga kwenye kiti cha abiria, yamefika kwenye dari, nimeyafunga shuka safi. Nilipoondoka nyumbani gari likaanza kulia — ti ti ti ti! — halinyamazi. Nikatafuta kila mahali. Kumbe uzito! Gari linadhani ni mtu amekaa bila mkanda. Nikayafunga mkanda. Kimya. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kasema abiria mwenyewe ni mpole, tena amenyooka mgongo.

Mvua inapungua. Sasa naona chini. Maji yamefunika barabara mbele ya daraja, mekundu, mapana. Kiatu hakipiti hapo, sijaribu hata kidogo. Kuna ile njia ya nyuma ya maghala, ndefu, ina mashimo, lakini iko juu. Nitaipita upande upande kama nilivyofundishwa. Nitafika.

Kuna gari katikati ya maji. Limekwama.

Ni pikapu yetu. Ni pikapu yake.

Nimefuta kioo kwa kiganja nikahakikisha. Ndiyo. Aliona magurudumu ni makubwa, akaingia. Injini imezima. Maji yamefika kwenye milango. Nyuma kuna ngazi ile na makasha ya vifaa.

Anasukuma mlango. Haufunguki. Anatokea dirishani! Ameshuka, maji mapajani, viatu ameviinua juu kwa mkono mmoja, simu kwa mkono mwingine. Anaitikisa. Haiwaki. Hakuna mtu mwingine barabarani. Ameniona. Paa hili la kijani anaweza kulikosa vipi?

Anapanda mteremko. Matope mpaka kiunoni.

Najua atakachosema kabla hajafika. Gereji ya Fundi Kipara, wana lori la kuvuta, niwahishe, maji yanapanda, yakiingia kwenye injini pikapu imekwisha. Na ni kweli. Ile pikapu ndiyo mkono wake na mdomo wake, na nusu ya chakula cha Pipi inatoka mle. Na gereji iko nyuma, na zahanati iko mbele. Nikimpeleka kwanza, nitafika kwa Matroni jioni, sitamaliza kutundika. Nikiwahi kutundika, nikirudi hapa nitakuta mto.

Tena ningemweka wapi? Juu ya mapazia? Meupe? Ayapakate kwa matope yale? Nikiyashusha yakae barabarani kwenye mvua? Kiti ni kimoja. Nimelizunguka gari hili kwa macho, mbele, nyuma, chini, kana kwamba kuna mahali nimepasahau. Hakuna. Kiti ni kimoja.

Amefika. Ameinama dirishani, maji yanamtiririka kwenye nyusi. Nimeshusha kioo, upana wa vidole.

Amesema: Mama Pipi. Halafu akatazama kiti cha abiria. Ameyaona mapazia, ameuona mkanda. Hajamalizia.

Nimemwonyesha kalamu: subiri. Anasubiri. Mkono wangu mmoja unaandika, mwingine uko kwenye kifungo cha mkanda wa mapazia. Naweka kalamu chini.